Wanne kwa Jezi Moja

Mimi nililelewa na raga ya wachezaji saba kila upande. Kwa Mkenya wa rika langu hilo halihitaji maelezo. Kulikuwa na Driftwood pale Mombasa Sports Club, Dala kule Kisumu, Prinsloo kule Nakuru, na mwenye nauli alizifuata zote kama mtu anayefuata harusi za ukoo: nyama choma, muziki, marafiki wa shule, na katikati ya hayo yote vijana wanakimbia. Aprili 2016, Shujaa, timu yetu ya taifa ya saba, walipoilaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Huo ndio mchezo nilioujua. Dakika saba, mapumziko ya kunywa maji, dakika saba nyingine, na mwenye mbio anachomoka kutoka nusu yake hadi kwenye mstari wa trai bila kuguswa.

Raga ya wachezaji kumi na tano ilikuwa ya kina Mjomba. Watu wazito wanaangukiana, kipyenga kinalia, refa ananyoosha mkono upande mmoja, na hata waliolipa kiingilio wanatazamana kuulizana kosa ni la nani. Jumamosi za mechi kubwa nilikuwa naketi sebuleni kwa Mjomba, South B, nikichezea simu na kungoja chakula. Dakika themanini! Nilikuwa naweza kulala, nikaamka, na bado nikawakuta wamelaliana palepale nilipowaacha.

Kilichonitoa kwenye simu si trai wala kombe. Ni mabishano ya watu watatu wazima kuhusu jezi moja.

Tarehe 8 Agosti 2023, Afrika Kusini ilitangaza kikosi cha watu 33 cha kwenda Kombe la Dunia nchini Ufaransa, na ndani yake mlikuwa na skramuhafu wanne, yaani wavaaji wa jezi nambari tisa: Faf de Klerk, Cobus Reinach, Jaden Hendrikse na Grant Williams. Timu nyingi huchukua watatu. Wakati huohuo mahuka halisi, wale wa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, walikuwa wawili tu, Malcolm Marx na Bongi Mbonambi, na Handré Pollard, mchezaji wa nambari kumi aliyefunga pointi 22 kwenye fainali ya 2019, aliachwa nyumbani kwa sababu ya jeraha la kigimbi. Sebule ya Mjomba ilichafuka.

Labda msomaji atauliza Springboks, timu ya Afrika Kusini, wanatuhusu nini. Mjomba ana jibu lake: vijana wetu wamecheza kule. Kenya ilishiriki Vodacom Cup mwaka 2014, na mwaka 2022 Simbas, timu yetu ya taifa ya wachezaji kumi na tano, wakaingia daraja la kwanza la Currie Cup. Ukishawatazama watu wako wakibebwa mzobemzobe na timu ya mkoa wa Afrika Kusini, unaanza kutaka kujua timu yao ya taifa inakula nini. Shemeji yangu, mume wa dada, sababu yake ni nahodha wao, Siya Kolisi, na hataki maswali. Wa tatu ni jirani yetu mzaliwa wa Durban, mtu wa Sharks tangu utotoni, ambaye kila mjadala kwake huanzia na kuishia kwenye uwanja wa kwao.

Mjomba alikuwa upande wa Faf. Shemeji alimtaka Reinach. Jirani aliwataka Hendrikse na Williams, wote wawili, kwa sababu wote wawili walikuwa wa Sharks, na aliposhikwa kooni achague mmoja alisema mzazi hachagui mtoto. Kelele ilipozidi nikaweka simu chini, nikauliza kwa nia njema kabisa: kwani tisa si yule wa kuokota mpira akaupasia wengine? Kwenye raga ya saba ndivyo ilivyo, kwa kiasi kikubwa. Skramu ni ya watu watatu, mpira unatoka upesi, na anayeokota leo si lazima awe anayeokota kesho.

Mjomba alivaa jezi hiyo ya tisa kwenye klabu enzi za ujana wake. Hakunijibu. Alinyoosha mkono mezani akachukua mkate, ule wa gramu 400, haujafunguliwa bado. Akaupima mkononi. Akasema mpira wa raga ni gramu 410 hadi 460, kwa hiyo huu ni mpira ulioshinda njaa. Akauweka kwenye zulia, akavua kandambili.

“Tazama miguu, mpwa wangu. Usitazame mkate.”

Mguu wa kulia aliuweka nyuma, karibu na mkate kabisa, vidole karibu viuguse. Wa kushoto aliutupa mbele kuelekea alikoketi Shemeji, ukucha wa kidole gumba ukimlenga kama bunduki. Akainama kutoka kwenye nyonga, si kwenye mgongo, akaufagia mkate kutoka chini bila kuuinua kwanza, bila kuuvuta nyuma. Ulimpata Shemeji kifuani kabla hajaweka kikombe chake chini. Kisha akaurudisha palepale, akafanya tena. Safari hii aliuokota, akapiga hatua moja ndogo kurudi nyuma, akazungusha mikono, akaurusha. Hata mimi niliiona tofauti. Haikufika hata sekunde nzima.

“Hapo,” Mjomba akasema, “flanka ameshakushika, na kumi wako, yule unayempasia, ameshavunjwa mbavu.”

Mke wake akatoka jikoni, akauchukua mkate uliobonyea, akatuuliza kama tunajua bei ya mkate siku hizi. Somo likaendelea kwa mdomo.

Tangu siku hiyo nimetazama raga kwa miguu ya mtu mmoja. Mchezaji wa tisa ndiye anayefika kwenye kila raki, pale wachezaji wanapogombania mpira ulio chini. Ndiye anayeamua mpira utoke sasa au ukae, refa akishamwambia autumie ana sekunde tano, uende kwa mafowadi karibu au kwa kumi mbali, au upigwe juu kwa mguu ili winga aukimbilie. Mwenye mbio kama wale niliokuwa nikiwashangilia Kisumu na Nakuru hapati hata sentimita moja kama tisa hakumpa mpira kwa wakati. Nilikuwa nimeutazama mchezo kutoka mwisho wake.

Na wale wanne hawakuwa watu wa kazi moja. Hapo ndipo mabishano yalipoanza kuninogea. Faf, nywele zake za dhahabu na urefu wa mita 1.72, ndiye aliyewachosha mashabiki mwaka 2019 kwa kuupiga mpira juu kila mara, na bado ndiye aliyevaa jezi walipoishinda Uingereza 32-12 kule Yokohama. (Baada ya mechi alimpokea Prince Harry chumbani akiwa na chupi tu, ya bendera ya nchi yake. Mke wa Mjomba anaikumbuka hiyo kuliko matokeo.) Faf hupiga kwa mguu wa kushoto, na Mjomba alinichorea nyuma ya risiti ya duka kwa nini hilo ni mali. Raki ikiwa karibu na mstari wa pembeni wa kushoto, apigaye kwa kushoto huuweka mwili wake kati ya mpira na wale wanaomjia kutoka katikati. Wa mguu wa kulia huutoa mpira mbele ya mikono yao. Mita moja hiyo ndiyo inayoamua kama mpira utaruka au utazibwa.

Reinach ni mbio. Baba yake, Jaco, alikuwa winga wa Springboks na mkimbiaji wa mita 400, na damu haikupotea njia: dhidi ya Kanada mwaka 2019, Cobus alikuwa na trai tatu kabla dakika ya 21 haijaisha. Hendrikse ni mtulivu, ana pasi ndefu na anaweza kupiga penalti za milingoti. Williams ana mguu wa moto hivi kwamba unaweza kumpanga pembeni kama winga, na ndivyo walivyofanya dhidi ya Romania kule Bordeaux: Reinach tisa, Williams nambari 14, na Hendrikse na Faf kwenye akiba. Wote wanne kwenye karatasi moja ya mechi. Walishinda 76-0 na Reinach akafunga trai tatu tena. Jirani alinunua soda za nyumba nzima.

Shemeji naye akatulia kidogo, maana sasa swali lilikuwa limebadilika. Mwanzoni tulikuwa tunabishana nani bora. Kufikia robo fainali tulikuwa tunabishana nani aanze, nani amalize, na kumi wake awe nani.

Hilo la kumi ndilo ninaloona mashabiki wengi hulipita. Marx alipoumia goti mazoezini, makocha, Jacques Nienaber na Rassie Erasmus juu yake, hawakuita huka mwingine. Walimwita Pollard, ambaye alikuwa amepona. Sasa walikuwa na makumi wawili wa tabia tofauti: Manie Libbok anayependa kuufungua mchezo, na Pollard anayependa kuufunga. Ukiwa na makumi wawili wa namna hiyo, matisa wako nao wanajigawa. Dhidi ya Ufaransa, tarehe 15 Oktoba, Reinach alianza na Libbok. Ng’ambo yao alikuwepo Antoine Dupont, aliyevunjika mfupa wa shavu dhidi ya Namibia na kurejea amevaa kofia ya kujikinga. Nairobi ilikuwa saa nne usiku. Trai sita zilifungwa kabla ya mapumziko, tatu kwa tatu, na ule ndio usiku nilioelewa kwamba mechi ya raga inaweza kuchezwa na watu 15 huku ikiendeshwa na wawili. Dupont alikuwa anacheza kana kwamba raki imesimama kumngoja. Afrika Kusini ilipenya kwa 29-28.

Siku sita baadaye, kwenye nusu fainali, mvua ikanyesha Paris na Waingereza wakaja na mpango wa kupiga mpira juu mpaka asubuhi. Jozi ileile ya Reinach na Libbok ilizama. Libbok alitolewa dakika ya 31, Reinach akafuata mara tu baada ya mapumziko, wakaingia Pollard na Faf. Shemeji alisimama kupinga, kwa sababu kumtoa kumi kabla ya mapumziko hali hajaumia ni kumvua mtu nguo mbele ya wakwe. Mjomba hakusema neno mpaka Pollard alipopiga penalti ya mbali karibu na mwisho na ubao ukasoma 16-15. Ndipo akasema “haya,” akaenda kulala.

Fainali, tarehe 28 Oktoba, nilifika South B mapema ili nipate kiti cha mbele. Karatasi ya wachezaji ilikuwa imeshatoka na nilikuwa nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka jina. Wachezaji wa akiba wanane: mafowadi saba na beki mmoja, Willie le Roux. Timu iliyobeba skramuhafu wanne kutoka nyumbani ilikuwa inaingia fainali ya dunia na mmoja tu, Faf, bila wa akiba. Nikamuuliza Mjomba, Faf akiumia? Akasema Cheslin Kolbe ataingia pale, alizoea raga ya saba. Nilicheka. Kumbe raga yangu ya saba ilikuwa ndiyo bima ya watu.

Kilichofuata kila shabiki anakijua. Mbonambi alitoka dakika ya tatu tu, na Deon Fourie, flanka aliyewahi pia kucheza huka, akacheza mechi nzima iliyobaki. Mipira ya lainauti ikaanza kupotea. Hapo ndipo gharama ya kuchukua matisa wanne na mahuka wawili ilipoonekana wazi, na mpaka leo mimi nashikilia kwamba ule ulikuwa mchezo wa kamari. Kushinda hakuufanyi usiwe kamari. Sam Cane wa New Zealand alipewa kadi nyekundu, All Blacks wakabaki 14 na bado wakawa wanakaribia. Dakika ya 73 Kolbe akazuia pasi kwa mkono, akapewa kadi ya njano, akaenda kuketi na jezi imemfunika uso. Hapo timu haikuwa na tisa wa pili hata wa kuazima. Mimi, niliyekuwa nikilala katika mechi hizi, nilikuwa nimesimama nyuma ya kochi nikihesabu kila mara Faf anapoinama kwenye raki na kila mara anapoinuka. Alicheza dakika zote 80. Ikaisha 12-11.

Jirani kutoka Durban alilia, ingawa vijana wake wawili hawakuwemo hata kwenye karatasi.

Baada ya hapo ilibidi niende kutafuta matisa wa kwetu. Jumamosi za Kenya Cup sasa naonekana RFUEA, Ngong Road, na sikai jukwaani. Nasimama nyuma ya milingoti, upande ambao timu inashambulia, kwa sababu pale unamwona tisa kwa mbele: unaona macho yake kabla hujaiona mikono. Mara moja nilimtazama kijana mmoja mdogo, kidole gumba kimefungwa plasta nyeupe iliyogeuka kahawia kwa tope. Kila alipofika kwenye raki aligusa kwanza mgongo wa fowadi aliye karibu, mara mbili, halafu akasema kitu. Aliyeguswa aliondoka na kwenda kusimama pale alipoelekezwa. Fowadi wa kilo mia na kitu, anapangwa na mtoto. Pasi zake za kulia zilitoka safi. Za kushoto alikuwa akipiga ile hatua ya nyuma, hatua ya mrusho wa pili wa mkate, na flanka wa wapinzani aliligundua hilo kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili hakukuwa na pasi ya kushoto iliyofika.

Nilimsimulia Mjomba jioni. Akauliza kama kijana ana mechi za kutosha. Hilo ndilo swali lenyewe kwa Kenya. Tuna vijana wenye mbio, tumekuwa nao siku zote, na raga ya saba inawachukua inapowahitaji. Lakini tisa hakui kwa mbio, hukua kwa raki nyingi, kwa kukanyagwa vidole, kwa kukosea mbele ya mafowadi wakubwa. Simbas hawajawahi kufika Kombe la Dunia. Mwaka 2018 walikwenda Marseille kutafuta tiketi ya mwisho wakafungwa na Kanada, Ujerumani na Hong Kong. Julai 2022, tena Ufaransa, Namibia iliwafunga 36-0 kwenye fainali ya Afrika. Sisemi wangeshinda kwa kubadili mtu mmoja. Nasema tu kwamba mechi kama hiyo ukiirudia kwa kumtazama tisa, unaona mahali mpira unapochelewa, na unaacha kuwalaumu mawinga ambao hawakuletewa kitu. Tiketi ya moja kwa moja ya Afrika kwenda Australia mwaka 2027 imechukuliwa na Zimbabwe, walioifunga Namibia 30-28 kule Kampala mwaka 2025.

Basi tumerudi kwenye Boks, maana 2027 haiko mbali na sebule haijatulia. Reinach alizaliwa 1990, Faf 1991. Mjomba anasema tisa mzee ni kama... nilimzuia hapo, kwa sababu mifano yake haina mwisho. Jirani ana kichwa kikubwa tangu Mei 2025, Hendrikse alipomkonyezea jicho Jack Crowley wa Munster katikati ya mikwaju ya kuamua mshindi, na Sharks wakashinda mikwaju hiyo 6-4. Shemeji ameanza kumtaja Morné van den Berg wa Lions, nadhani kwa kutuudhi tu.

Mimi orodha yangu ninayo. Hendrikse aanze, kwa sababu anapiga milingoti na kumi wako anapokuwa na siku mbaya unahitaji mguu mwingine. Williams aingie dakika ya 50, wapinzani wakishachoka, na akiweza kusimama winga basi ni mtu mmoja anayehesabiwa mara mbili. Wa tatu awe wa mguu wa kushoto kama yupo, Faf au mwingine. Wanne sichukui. Nafasi hiyo ya nne nampa huka wa tatu, na Mjomba amekataa katakata.